Kuwapeleka watoto mzunguko mmoja wa Nürburgring wakati wa likizo: nani amewahi, na mlijipangaje?

Mjomba_wa_Rhein

Wakuu, habari za jioni.

Naishi Düsseldorf na familia. Likizo ya kati ya mwaka dada yangu anawatuma wanawe wawili kutoka Moshi waje kukaa nasi. Mkubwa ana miaka 14, mdogo 10. Wangu wana miaka 9 na 6. Huyu wa miaka 14 anaijua Nordschleife, ile njia ndefu ya mashindano ya magari pale Nürburgring, kona kwa kona kwa sababu ya michezo ya kompyuta. Tangu asikie kwamba ile njia inafunguliwa kwa watu wa kawaida, kwamba unalipa getini na kuingia na gari lako la nyumbani, kila akinipigia simu swali ni moja: "Mjomba, tutaenda?"

Gari langu ni la siti saba, dizeli, matairi bado mapya. Sina nia ya kushindana na mtu. Ninachotaka ni kijana apite pale akiwa hai na mzima, aone mahali anapopaota, tumalize, tukale.

Naombeni ushauri kwa waliowahi kuingia na watoto. Sheria zinasemaje kuhusu umri? Bima je? Na yule wa miaka 6, nimchukue au abaki na mama yake? Nasubiri michango yenu.

Mkazi_wa_Eifel

Karibu sana, kaka. Mimi nipo huku huku milimani Eifel, nusu saa kutoka Adenau, mji ulio kando ya njia, na nimeingia mara nyingi, nikiwa na watoto na bila watoto. Nitakueleza kwa kirefu kwa sababu watu wengi wanakuja wakidhani ni kama bembea za maonesho: unalipa, unakaa, kuna mtu anayekuangalia. Pale hakuna anayekuangalia.

Kisheria, kwenye muda wa watalii (kwenye ratiba yao utaona neno Touristenfahrten) Nordschleife inahesabika kama barabara ya kulipia ya upande mmoja. Sheria za barabarani za Ujerumani zinafanya kazi mle ndani kama zinavyofanya kazi mtaani kwako. Unakaa kulia, unapitwa kushoto, mikanda inafungwa, leseni iwe halali. Tofauti ni kwamba hakuna kikomo cha jumla cha mwendo, ingawa zipo sehemu zenye vibao. Kwa hiyo watoto wanaruhusiwa mradi wamekaa kama sheria inavyotaka: aliye chini ya miaka 12 na chini ya sentimita 150 lazima awe kwenye kiti chake cha mtoto. Mtaani kumbeba mtoto bila kumfunga kabisa ni euro 60 na pointi moja kwenye leseni. Mle ndani usifikirie faini, fikiria shingo ya mtoto.

Tiketi ni ya gari, si ya kichwa. Mwaka 2024 mzunguko mmoja ulikuwa euro 30 Jumatatu hadi Alhamisi, na euro 35 Ijumaa hadi Jumapili na sikukuu. Unaingilia geti la kule barabara ya B258, unapita kwenye koni zilizopangwa ili upunguze mwendo, halafu uko ndani. Kilomita 20.832, na ukimaliza unatoka. Huruhusiwi kuunganisha mzunguko wa pili bila kupita getini tena, na kujipimia muda ni marufuku. Kupiga picha za video ukiwa unaendesha pia ni marufuku, kwa hiyo kijana aweke simu ndani ya begi kabla ya geti.

Sasa nije kwenye jambo ninalolijali. Ukienda mwendo wa kilomita 80 au 90 kwa saa, kona zote zile gari lako litazipita bila shida, na mzunguko utakuchukua kama robo saa. Hatari itatoka nyuma yako. Kuna mtu mwenye Porsche anayekuja kwa 220 mahali ambapo wewe uko 90, na njia imejificha kwa sababu inapanda, inashuka na kupinda ndani ya msitu. Kazi yako kubwa si usukani, ni vioo. Ukimwona anakuja, washa indiketa ya kulia, baki kulia, shikilia mwendo wako, mwache apite. Usifunge breki ghafla, na usikimbilie kwenye nyasi. Indiketa ya kulia inamwambia: nimekuona, pita.

Na kwa sisi tuliojifunza kuendesha Tanzania au Kenya, ambako tunakaa kushoto, kuna mtego mmoja. Ukishtuka, mwili unataka kurudi kwenye upande uliozoea, yaani kushoto. Mle ndani kushoto ndiko wenye kasi wanakopita. Kama hujaendesha huku miaka ya kutosha mpaka kulia kuwe ndiko nyumbani kwako, usiingie na watoto.

Mama_Wawili

Kaka Mjomba, nimesoma yote hayo ya geti na indiketa. Swali langu ni dogo: dada yako anajua?

Hawa wawili si wako. Ni wako, ndiyo, mjomba ni mzazi, hilo hatubishani. Lakini mama yao amewapandisha ndege kwa kukuamini, na yuko Moshi anahesabu siku. Mtoto akivunjika mkono kwenye baiskeli atasema ni mambo ya watoto. Akivunjika kwenye njia ya mashindano ya magari ambayo hakuwahi kuisikia, utasimama mbele yake na maneno gani? Na mbele ya shemeji yako? Mpigie simu kabla hujanunua tiketi, umweleze kama ulivyotueleza sisi, bila kulainisha. Usimwambie "tutaenda kuona magari".

Fundi_Breki

Naunga mkono dada hapo juu. Naongezea upande wa gari, maana gari la siti saba lenye watoto ni zito kuliko watu wanavyofikiri.

Toka Hohe Acht, ambako ndiko juu kabisa, mpaka daraja la Breidscheid, ambako ndiko chini kabisa, kuna tofauti ya karibu mita 300 za kimo. Kuanzia kona ya Schwedenkreuz unakuwa unateremka zaidi kuliko unavyopanda: Fuchsröhre, halafu Kallenhard, Wehrseifen, mpaka darajani. Mtu asiyezoea anakanyaga breki mteremko mzima, breki zinapata moto, mafuta ya breki kama ni ya zamani yanachemka, na pedali inazama. Tumia gia kuteremka. Kabla ya safari badilisha mafuta ya breki kama yamepita miaka miwili, angalia pedi, pima upepo wa matairi yakiwa ya baridi, angalia oili na maji ya rejeta.

Halafu toa kila kitu ndani ya gari. Kila kitu. Chupa ya maji, kigari cha plastiki, kompyuta ya mkononi, mwavuli chini ya siti. Chupa ikiteleza ikaingia chini ya pedali ya breki pale Wehrseifen, hakuna atakayekusaidia.

Kipanga_wa_Köln

Bima! Watu mnaruka hilo.

Haftpflicht yako, ile ya lazima, inalipa uliyemgonga. Lakini Kasko, inayolipa gari lako mwenyewe, mikataba mingi siku hizi imeandika waziwazi kwamba njia za mashindano hazimo, hata kama ni muda wa watalii. Piga simu, pata jibu kwa maandishi. Ukigonga reli za pembeni utalipia kwa mita zilizoharibika, utalipia na gari la kuvuta, na zile bili si za kuchekea.

Kama mtu anafikiria kuja na gari la kukodi la uwanja wa ndege, asijaribu. Karibu mikataba yote ya kukodi inakataza. Pale kijijini Nürburg zipo kampuni zinazokodisha magari maalumu kwa njia ile, hizo ni habari nyingine na mkataba mwingine.

Mkazi_wa_Eifel

Kipanga yuko sahihi kabisa. Na jambo moja zaidi la gharama: ukimwaga oili ukaendelea kuendesha ukitafuta njia ya kutokea, kila anayeteleza nyuma yako ni mzigo wako. Ukihisi kitu kimevuja, toka kwenye njia, kaa kulia kabisa, washa taa za tahadhari, teremsha watoto upande wa kulia, vukeni reli, simameni nyuma yake mbali na gari, ndipo upige simu ya waangalizi wa njia. Namba iweke kwenye simu kabla. Wafanyishe watoto mazoezi hayo pale kwenye maegesho, mlango upi, nani anamshika nani mkono. Dakika tano tu.

Asali_Chungu

Samahani, mimi nitakuwa peke yangu hapa lakini nitasema. Mtoto hapaswi kuingia mle. Sitaki kusikia habari za vioo na indiketa.

Mtu mzima anaweza kupima hatari akasema naenda. Mtoto wa miaka 9 hajui anachokubali, na hata wa miaka 14 anachokijua ni cha kwenye kioo cha kompyuta, ambako ukigonga unabonyeza unaanza upya. Watu wanakufa pale, tena kwenye muda huo huo wa watalii. Wewe unaweza kuendesha kwa adabu zote, lakini adabu zako hazimzuii kijana aliyekodi gari la nguvu farasi 500 jana yake. Na ameingia ili akimbie. Wewe umeingia ili utembee. Hizo nia mbili hazistahili kukutana kwenye kona isiyoonekana.

Kama ni kuona magari, kuna kusimama nyuma ya uzio. Inatosha.

Mkazi_wa_Eifel

Dada Asali (au kaka, nisamehe), hoja yako nzito na siwezi kuipuuza. Nakubaliana na nusu yake. Jumamosi mchana wa kiangazi, au Ijumaa Kuu ambapo maelfu wanajazana Adenau na polisi wanapanga vizuizi kila kona, nasema kama wewe: usiingize mtoto. Kabisa.

Lakini muda si sawa. Siku za kazi mchana kampuni za magari zinakodi njia kwa majaribio, kisha jioni, siku zilizomo kwenye ratiba, wanafungulia watu kwa kama saa mbili. Jioni ya Jumanne au Jumatano yenye hewa kavu, mbali na sikukuu, unaweza kwenda kilomita kadhaa usione gari. Na tangu msimu wa 2025 pikipiki hazimo tena kwenye muda wa kawaida wa watalii, jambo ambalo kwa dereva mpole ni nafuu kubwa, kwa sababu pikipiki ndizo zilizokuwa zikichelewa kuonekana kwenye vioo.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa Mjomba ni huu. Jioni ya siku ya kazi, au usiingie. Pakavu, au usiingie. Simama kwanza kwenye maegesho nusu saa utazame magari yanayoingia ni ya aina gani na ni mengi kiasi gani. Ukiona hali imekuwa nyingine, geuza gari, tiketi haiozi. Mtu asiyeweza kugeuza gari mbele ya watoto waliosubiri mwezi mzima, huyo ndiye ninayemwogopa.

Mtoto_wa_Nakuru

Hiyo ya uzio pia iangaliwe. Sisi tuliokulia Kenya tumeona Safari Rally tukiwa tumekaa pembeni ya barabara kabisa, vumbi linaingia mdomoni, na wazazi wetu wako hapo hapo. Tangu mashindano yarudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021, kule Naivasha kuna maeneo maalumu na askari wanakusogeza nyuma, na watu wanalalamika. Mimi silalamiki.

Hata Nürburgring, tarehe 28 Machi 2015 gari la mashindano liliruka pale Flugplatz, sehemu mojawapo ya ile njia, likavuka uzio na mtazamaji mmoja akafariki. Kwa hiyo ukisimama na watoto, simama kwenye maeneo yaliyopangwa, nyuma zaidi ya mstari wa kwanza, na usiwape migongo magari.

Bi_Wollongong

Salaam kutoka Australia. Sijawahi kufika huko Ujerumani, ila naleta mfano wa huku maana unahusiana na hoja ya Asali Chungu.

Kilomita kama 200 magharibi ya Sydney kuna mji wa Bathurst, na juu yake mlima ambao wenyeji Wawiradjuri wanauita Wahluu. Barabara ya mlima huo, Mount Panorama, ndiyo njia ya mashindano makubwa ya kila Oktoba, kilomita 6.213, ilifunguliwa mwaka 1938. Siku zisizo na mashindano ni barabara ya umma. Watu wana nyumba na mashamba ya mizabibu pale, wanatoa magari yao wakienda dukani. Hakuna tiketi wala geti. Mwendo mwisho ni 60 kwa saa, magari yanakwenda pande zote mbili, na polisi wapo kweli kweli.

Tulikwenda na watoto. Tukapanda polepole mpaka juu, tukasimama penye maegesho kutazama mji, tukateremka zile kona ambazo kwenye televisheni unaona magari yanazipita kama yanaanguka. Watoto walishangaa ukali wa mteremko. Kwa mwendo wa 60 mtoto anaona kila kitu: kuta za zege zilivyo karibu, alama za matairi, namna njia inavyobana. Halafu chini kabisa kuna makumbusho ya mashindano ya magari.

Nikiwasoma naona tofauti moja: huku wote tuko 60. Kule mna 90 na 220 kwenye lami moja. Hapo ndipo namwelewa Asali.

Kipanga_wa_Köln

Na Monaco nayo, kwa aliye Ulaya. Njia ni mitaa ya mji, kilomita 3.337. Tuliizunguka kwa miguu na watoto, tukapita ile kona ya hotelini inayojikunja kama kiwiko, tukaingia kwenye handaki, tukatokea bandarini. Mtoto wa miaka 6 anaweza kutembea yote mkimnunulia aiskrimu katikati.

Mjomba_wa_Rhein

Ndugu zangu, nawashukuru sana. Nimechapa kila mchango hapa.

Mama Wawili, nimempigia dada yangu. Nilimweleza kila kitu, mpaka ile ya 2015. Akanyamaza. Akauliza: "Wewe ungempeleka wako?" Nikamwambia ningempeleka wa miaka 9 jioni ya siku ya kazi pakiwa pakavu, na wa miaka 6 nisingempeleka. Akasema basi mkubwa aende, na mdogo abaki, kwa sababu hata basi la Moshi–Arusha linamtapisha. Baba yao naye akaja kwenye simu, akataka kujua bima. Nimewatumia barua ya kampuni yangu ya bima: Haftpflicht ipo, Kasko haipo. Kwa hiyo najua kwamba gari likiharibika ni langu.

Mke wangu amekubali kwa sharti kwamba yeye ndiye mwenye neno la mwisho pale kwenye maegesho. Akisema hapana, ni hapana.

Sasa nisaidieni upande wa pili. Mke wangu atabaki na wadogo wawili. Wawe wapi, na wafanye nini siku nzima, maana tutafika asubuhi?

Mkazi_wa_Eifel

Hapo ndipo penyewe! Watu wanadhani raha yote iko ndani ya gari, na watoto wengi niliowapeleka wamekumbuka zaidi yale ya nje.

Anzeni Adenau asubuhi, pale Breidscheid ambapo njia inapita juu ya barabara ya kawaida. Kama ni siku ya majaribio ya viwanda mtaona magari ambayo bado hayajauzwa, yamefunikwa michoro ya weusi na weupe ili umbo lisionekane. Wadogo wanapenda mchezo wa kubahatisha ni gari la nani. Mchana pandeni kijijini Nürburg, kuna magofu ya ngome juu ya kilima, mnara unapandika, na kutoka juu unaona msitu wote na vipande vya njia vikijitokeza. Waambieni kwamba yote hiyo ilijengwa kati ya 1925 na 1927, kwa mikono ya watu wasio na kazi, kwa sababu Eifel ilikuwa sehemu maskini na serikali ilitaka watu wapate mshahara. Ukitazama ukubwa wake kutoka pale juu, ndipo unapoelewa ilikuwa kazi ya namna gani. Ikinyesha, kuna njia ya magari madogo ya watoto ndani ya jengo, pale kwenye uwanja mpya.

Jioni, wakati nyinyi mnaingia, mama na wadogo wawe Brünnchen. Kuna maegesho makubwa, kilima cha nyasi, uzio, na magari yanateremka mbele yako kisha yanapanda. Kwenye muda wa watalii kutazama ni bure. Wabebe makoti hata kama ni Julai, jioni za huku ni baridi.

Na mpe kijana historia kabla hajaingia, aache ile ya kompyuta. Mwambie kuhusu Niki Lauda, dereva wa Formula 1, tarehe 1 Agosti 1976, kabla ya kona ya Bergwerk: gari lake liliwaka moto akiwa ndani, na waliomtoa walikuwa madereva wenzake waliosimamisha magari yao katikati ya mashindano. Wiki sita baadaye alirudi mashindanoni Monza, Italia, akamaliza wa nne. Ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kwa Formula 1 kwenye Nordschleife. Sababu mojawapo ni urefu: kilomita zaidi ya ishirini msituni, msaada unachelewa kukufikia. Hilo halijabadilika, na ndilo ninalotaka alielewe.

Mabinti zako nao (kama ni mabinti) waambie kuhusu dereva Sabine Schmitz. Alizaliwa hapa, akakulia hotelini kwa wazazi wake pale pale Nürburg, akawa mwanamke wa kwanza kushinda mashindano ya saa 24 ya hapa, 1996, na tena 1997. Kwa miaka alikuwa akiwabeba wageni kwenye teksi ya njia. Alifariki Machi 2021, na sasa kuna kona yenye jina lake.

Fundi_Breki

Kijana mpe kazi. Akae nyuma, atazame nyuma, akuambie "linakuja" mara tu akiona taa. Wewe vioo vyako usiviache, lakini macho mawili ya ziada si mabaya, na mtoto mwenye kazi hapigi kelele. Huyu wa 9 mpe mfuko wa plastiki mkononi tangu mwanzo. Wasile chakula kizito saa mbili kabla.

Mjomba_wa_Rhein

Wakuu, tumerudi. Natoa taarifa.

Jumanne tulifika maegesho, lami kavu, magari machache. Tulisimama nusu saa kama tulivyoambiwa. Mke wangu aliyatazama yale magari, akamtazama kijana, akasema nendeni, kisha akaondoka na wadogo kwenda Brünnchen. Tulifanya yale mazoezi ya kuteremka. Watoto waliyachukulia kwa uzito kuliko nilivyotegemea.

Kitu cha kwanza kinachokushika ukipita geti ni ukimya. Koni zinaisha, njia inafunguka, na upo peke yako na msitu. Kijana wa dada alianza kutaja majina kabla hatujafika: Hatzenbach, Hocheichen, Flugplatz. Pale Schwedenkreuz akasema kwa sauti ndogo, "Mjomba, kwenye mchezo hakuna mlima hivi." Fuchsröhre ilituzamisha, tumbo likapanda kifuani, na mimi nilikuwa 80 tu! Wa miaka 9 alicheka mpaka akakwama pumzi.

Nilipitwa mara nyingi, na kila mara kijana alisema "linakuja" kabla sijawasha indiketa. Kanuni ya kulia inafanya kazi. Wawili kati ya waliopita waliinua mkono kushukuru. Mmoja alinipita karibu mno kabla ya Kallenhard, nikahisi upepo wake kwenye gari, na pale niliyakumbuka maneno ya Asali Chungu yote.

Baada ya Bergwerk, kwenye ule mlima mrefu wa Kesselchen, taa za njano zilianza kumulika. Nikapunguza, nikawasha za tahadhari. Mbele palikuwa na gari dogo limeegemea reli, upande mmoja umefumuka, na vijana wawili wamesimama nyuma ya reli wazima. Tukapita polepole sana. Kijana hakusema neno mpaka Karussell, ile kona yenye ubavu wa zege ulioinama. Pale nilitazama nyuma, hapakuwa na mtu, nikashuka kwenye zege. Inatetemesha meno. Hapo ndipo akarudi kuongea.

Brünnchen tulimwona mke wangu na wadogo wamesimama kilimani wanapunga. Tulipotoka getini kijana aliniuliza wale wawili watarudije nyumbani na nani atawaambia wazazi wao. Tulilizungumza hilo njia nzima mpaka Brünnchen kuwachukua wenzetu. Hakuomba mzunguko wa pili.

Jioni ile ile alimpigia mama yake mwenyewe.

Mama_Wawili

Alhamdulillah mmerudi salama. Na ahsante kwa kumpigia dada yako.

Asali_Chungu

Nimefurahi mko salama. Msimamo wangu haujabadilika, na hilo gari lililokupita karibu na Kallenhard ndilo nililokuwa nalisema. Ila naheshimu ulivyojipanga.

Mtoto_wa_Nakuru

Swali la haraka kwa Mkazi. Mimi nakuja Agosti na wanangu, na wiki hiyo wanatabiri mvua za hapa na pale. Mvua ikiwa ndogo tu bado inawezekana?

Mkazi_wa_Eifel

Kwa mtu mgeni mwenye watoto, hapana. Njia ni ndefu mno. Unaweza kuingia getini pakavu kabisa ukakuta Breidscheid inanyesha, na Hohe Acht kuna ukungu. Lami yenyewe ni ya aina tofauti sehemu kwa sehemu, na zile rangi ambazo mashabiki wameandika majina yao zinateleza zikilowa. Waliokuja kukimbia nao ndio wanaoteleza kwanza, wakati wewe uko mbele yao.

Kama siku moja imeharibika, angalia ratiba ya jioni nyingine wiki hiyo hiyo, mara nyingi huwa kuna zaidi ya moja. Na Brünnchen chukueni miavuli, hata mvua ikinyesha pale mtaona mengi. Ukifika Adenau nitumie ujumbe, nitakuja tusimame pamoja.